Kasha la Maranda

Nesi wetu alikuwa akifoka kwa Kiswahili na kuomba radhi kwa Kibena. Mama aliyechelewesha mtoto kliniki alisemwa mbele ya wenzake kwa Kiswahili cha ofisini, kilichonyooka, hata anayesemwa akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Kisha wakati wa kuondoka Nesi alimsindikiza hadi barabarani, akamshika mkono, akamwambia neno la kuomba radhi kwa Kibena kibovu ambacho kila mtu alikielewa. Akina mama walimwogopa na kumpenda siku hiyohiyo. Mimi nilimpenda tu. Nalisema hili mwanzoni, asije mtu akadhani nilikuwa na chuki naye tangu zamani.

Na jambo lenyewe nilitaje mapema. Binti yangu Rehema anaona kwa jicho moja. Lile la kushoto lilishika utando mweupe baada ya surua, alipokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi, na kadi yake ya kliniki ilikuwa imeandikwa kwamba amechanjwa surua. Nesi alijua kwa nini sindano ile haikumkinga. Alijua, akanyamaza miaka sita, na katika miaka hiyo sita alikuwa akija nyumbani kwangu, anakula kwenye sahani yangu, anamsuka binti yangu nywele.

Zahanati yetu ilikuwa kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako. Kijiji sikitaji, maana waliobaki pale hawana kosa. Ilikuwa na vyumba vitatu, mizani ya kuning'iniza watoto, na friji ya chanjo, ya mafuta ya taa, iliyotoa moshi kidogo na sauti ya mtu anayekoroma. Nesi aliipenda friji ile. Kila asubuhi na kila jioni alifungua mlango wake kwa haraka, akasoma kipimajoto, akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ukimkuta anaandika, ulisubiri. Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kusubirishwa huku kidole chake kinavuja damu, mpaka namba ya jioni ikaandikwa.

Hakupenda kuitwa daktari. Waliomwita hivyo aliwauliza kama wao wanapenda kuitwa wabunge. Alivaa gauni lake jeupe lililofuliwa hadi likawa na rangi ya maji ya mchele, na juu yake sweta. Hizo zilikuwa siku za ruksa, biashara imefunguliwa, malori yanashusha mitumba Makambako, na Nesi aliisema mitumba vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alisema taifa haliwezi kujengwa kwa suruali za marehemu. Lakini sweta lenyewe lilikuwa la mtumba. Alilivaa ndani nje ili maandishi ya Kizungu mgongoni yasisomeke, na kwa kuwa mishono ilikuwa nje, kila mtu alijua. Siku moja mke wangu alimtania, "Nesi, leo umegeuza sweta kama mtu anayefukuza ndoto mbaya." Akacheka hadi akakaa chini, na kesho yake akaja amelivaa vilevile.

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu ilikuwa hatua chache kutoka zahanati, na siku za kliniki nilikuwa nafanya kazi huku nasikiliza masomo yake, kwa sababu sauti yake haikujua ukuta. Mengi ninayojua kuhusu mwili wa binadamu niliyapata hivyo, nikiwa na randa mkononi.

Somo lake kubwa lilikuwa surua. Alisema mwili una kumbukumbu. Surua ikiingia yenyewe, na ukapona, mwili hauisahau mpaka unazikwa. Chanjo nayo ni picha ya surua. Unauonyesha mwili picha, ili siku mwenyewe akibisha hodi ajulikane mlangoni. "Sasa wapo wenye akili nyepesi," alikuwa akisema, "ukimwonyesha picha mara moja ameshika. Na wapo kama Mama Fulani hapa, ambaye mpaka leo anawachanganya mashemeji zake." Akina mama wakacheka. "Huyo unamwonyesha picha mara ya pili. Hiyo ndiyo dozi ya marudio. Kwetu bado tunatoa moja, lakini wakubwa wanasema iko siku itakuja ya pili kwa watoto wote."

Palikuwa na babu mmoja aliyekuwa akileta wajukuu wake, mkulima wa pareto, hakubali kitu mpaka akigeuze pande zote. Alinyanyua fimbo siku hiyo.

"Nesi, sisi hatukuchanjwa. Tuliugua surua yenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeirudia. Hii yako ya sindano inahitaji kukumbushwa. Sasa ipi ina nguvu?"

Nilisimamisha randa nisikie jibu.

"Ya ugonjwa ina nguvu zaidi, babu," Nesi alisema. "Sikudanganyi. Aliyeugua akapona ana kinga ya maisha, na wengi wa waliochanjwa pia wanayo, ila wachache inawakosa au inapungua. Lakini niambie, mlikuwa wangapi nyumbani kwenu?"

"Tisa."

"Wangapi waliougua?"

"Wote."

"Wangapi walikua?"

Babu alishusha fimbo. "Sita."

"Basi na wale watatu nao hawajairudia," alisema Nesi.

Hakuna aliyecheka. Babu aliinama, akamfungua mjukuu nguo mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwamini Nesi kabisa, kwa sababu angeweza kumdanganya yule mzee kwamba sindano inashinda kila kitu, na hakufanya hivyo. Nikajiambia huyu ni mtu anayesema ukweli hata unapomharibia biashara. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mke wangu maneno yote, neno kwa neno, wakati huo akiwa na ujauzito wa Rehema.

Kuhusu biashara yenyewe, Nesi hakuwa na uvumilivu. Aliamini zahanati ni ya serikali na serikali ndiyo iilishe. Mafuta ya taa yalikuwa yakiletwa kutoka wilayani, na miaka ile yakaanza kuchelewa, wiki mbili, mwezi, huku Makambako maduka yamejaa madebe yaliyopangwa hadi barazani. Tulipomwambia, alijibu kwamba hatakuwa ombaomba kwa wauza duka. Mtu akikusaidia mafuta leo, alisema, kesho atataka dawa za familia yake mlango wa nyuma. Nilimwona ni mtu safi. Sikufikiria kwamba usafi wa mtu mmoja unaweza kuwagharimu wengine.

Mwaka ambao Rehema alikuwa mchanga, mwezi wa saba, alikuja karakana asubuhi ya baridi kali. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu na maji ya kwenye ndoo yangu yalikuwa yameota ngozi ya barafu. Alikuwa amelivaa sweta lake na mikono ameikunja kwapani.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, Nesi. Karibu motoni."

"Nataka kasha. Liwe na kuta mbili, na katikati ya kuta ujaze maranda ya mbao uyashindilie. Kifuniko nacho kiwe hivyohivyo, kizito. Nitalitundika nje, upande usiopata jua."

"La nini?"

"La maziwa," alisema. "Usiku nitalifungua liingie baridi, alfajiri nitalifunga. Njombe hii yenyewe ni friji, sisi tu hatuna akili ya kuitumia."

Nilifurahi kuliko kawaida. Fundi wa vitanda na milango hapati mara nyingi kazi inayotaka kufikiri. Nilichagua mbao za msindano zilizokauka vizuri, nikaunga pembe kwa meno, nikashindilia maranda kwa mpini wa nyundo mpaka ukuta ukawa haulii ukiugonga. Kifuniko nilikifunga kwa bawaba mbili za shaba nilizokuwa nimezitunza kwa kabati la mtu. Malipo nilikataa. Nililitundika mwenyewe ukuta wa nyuma wa zahanati, na wiki nzima niliwaonyesha watu. Wengi wao walikubaliana nami kwamba ni jambo la akili. Sisi watu wa huku juu tunaiamini baridi yetu. Nyama tunaitundika, maziwa tunayaacha dirishani, na mgeni wa kutoka bondeni akilalamika tunamwambia baridi haijaua mtu.

Mwezi wa nane mafuta yalikatika. Friji iliacha kukoroma. Mimi sikutilia maanani, nikadhani imewashwa tena, kwa sababu kila nilipochungulia nilimwona Nesi akiandika namba zake ukutani asubuhi na jioni. Mwezi wa kumi, ambao kwetu jua huwaka na vumbi la barabara huingia hadi kwenye uji, Rehema alitimiza miezi tisa. Mke wangu alimpeleka. Nesi alimchoma bega, akambembeleza, akaandika kadi. Jioni alipita kwangu kuuliza kama mtoto amepata homa. Hakupata hata joto dogo.

Surua ilikuja mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Ilianza kwa watoto wa wapasua mbao, ikafika kwetu. Rehema aliamka macho mekundu, kikohozi, kisha vipele nyuma ya masikio. Mke wangu alitoa kadi sandukuni, akaitazama, akanipa mimi niitazame, utafikiri imeandikwa upya.

Nesi alikuja mara moja. Alimtazama mtoto mdomoni, akakaa kitandani. Kisha akaniambia maneno ambayo bado nayakumbuka.

"Baba Rehema, chanjo haishiki kwa kila mtoto. Wachache inawakosa. Ni bahati mbaya imewaangukia ninyi."

Hayo ni maneno ya kweli. Muulizeni nesi yeyote, atawaambia hivyohivyo. Ndiyo maana nayachukia. Angenipa uongo ningeweza siku moja kuugonga nikausikia uko wazi ndani. Alichukua ukweli aliomfundisha yule babu wa pareto, akajifunika nao.

Alikuja siku tisa mfululizo. Aliosha macho ya mtoto kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akamtilia vitamini mdomoni, akatukataza kumwekea majani tuliyopewa na majirani, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Siku ya saba alilia. Mke wangu alimfuta machozi na kumwambia, "Usijitese, Nesi, wewe umefanya yote." Mtoto alipona, jicho la kushoto halikupona. Kwa miaka mingi siku zile tisa ndizo zilizokuwa ushahidi wangu kwamba Nesi ni ndugu. Sasa siwezi kuzikumbuka bila kujiuliza ni siku zipi alikuja kwa upendo na zipi alikuja kwa woga, na hilo nalo ameninyang'anya.

Alichoniambia mtoto alipoanza kutembea tena uani kilikuwa hiki: "Angalau sasa ana kinga ya maisha. Surua haitamgusa tena." Nilimshukuru.

Tulihamia Makambako kwa ajili ya biashara ya mbao. Nesi naye alistaafu, akajenga Mahongole, akang'oa kasha langu ukutani akaenda nalo. Nilisikia nikafurahi, nikaona anathamini kazi ya mikono yangu.

Aliyenifumbua macho hakukusudia. Ni mzee wa Kiislamu mwenye duka la mafuta pale mjini, mtu wa Tanga aliyefuata malori akabaki, ambaye alikuja kwangu kuagiza milango. Rehema aliniletea chai. Mzee akamtazama jicho, akauliza, nikamweleza, nikataja zahanati na mwaka aliochanjwa.

"Zahanati ile?" alisema. "Mwaka ule mimi nilimpelekea yule mama debe zima la mafuta ya taa, sadaka tu, baada ya dereva wangu kuniambia friji ya watoto imezimika tangu mwezi wa nane. Alinirudishia. Akasema serikali haili sadaka."

"Ikawashwa lini?"

"Walisema mwezi wa kumi na mbili."

Nilihesabu miezi kwa vidole mbele ya mgeni. Jioni hiyo nilikwenda Mahongole kwa miguu. Nesi alikuwa anachambua maharage. Nilimuuliza friji ilikuwa imezimika au haikuzimika siku Rehema alipochanjwa. Hakunyanyua uso.

"Nani amekuambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Karatasi ya joto ilikuwa ukutani, uliiona kila siku. Wewe shughulika na mbao, fundi."

Kwa miaka yote aliniita Baba Rehema ndani ya nyumba na fundi karakana. Siku hiyo tulikuwa nyumbani. Niliondoka bila kuaga, na kwa karibu mwaka mzima sikumsalimu sokoni, wala yeye hakunilazimisha. Mke wangu alisema huenda mzee wa mafuta amechanganya miaka. Na mimi kuna siku nilitaka iwe hivyo.

Kisha akanitumia ujumbe, kupitia jirani yake, kwamba bawaba ya kasha imelegea, anaomba nije.

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nilichukua mfuko wa vyombo. Upepo wa Makambako ulikuwa unapuliza vumbi hadi mabati yanapiga kelele. Alikuwa amekonda, amekaa barazani na sweta lake, na safari hii lilikuwa limevaliwa sawasawa, maandishi nje. Kasha lilikuwa limetundikwa kivulini. Nilizigusa bawaba. Zilikuwa ngumu kama siku nilipozifunga.

"Hazijalegea," nilimwambia.

"Najua. Fungua tu."

Ndani kulikuwa na chupa ya maziwa. Nilitazama maziwa yale muda mrefu, na hasira ikanipanda kabla sijaona kitu kingine. Kisha nikaona kifuniko upande wa ndani. Ubao wangu wa msindano ulikuwa umejaa maandishi ya penseli, mwandiko wake uleule wa ukutani. Mwezi wa saba, asubuhi nne, jioni saba. Mwezi wa nane, asubuhi nane, jioni kumi na mbili. Mwezi wa kumi, asubuhi kumi na nne, jioni kumi na tisa, kumi na tisa, ishirini. Karatasi ya ukutani haikuwahi kuzidi nane, mpaka wa joto ambao chanjo ikiuvuka inaharibika. Mtu huyu hakuweza kuacha kuandika namba, hivyo aliandika za uongo pale zinapoonekana na za kweli ndani ya kifuniko changu.

Chini ya namba kulikuwa na majina ya watoto, ishirini na mawili. Mengine yalipigwa mstari. La kwanza kupigwa mstari lilikuwa la Rehema.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Lilikuwa la chanjo tangu mwanzo, maziwa nilisema tu," alisema. "Mwezi wa saba nililijaribu, likaenda vizuri, nikajidai. Joto lilipopanda nikajiambia wiki ijayo mafuta yatafika. Akina mama walikuwa wametoka mbali. Ningewarudisha siku hiyo, wasingerudi tena."

"Na baadaye? Ulijua ni akina nani. Ungewaita wakachomwa upya."

"Ningewaita niseme nini?" Alifunga mikono kwapani. "Niliona aibu, Baba Rehema. Hakuna kingine. Nilikuwa na maneno mengine zamani, yamekwisha."

Nilikuwa nimetaka kulisikia neno hilo kwa mwaka mzima, na lilipokuja halikunipa kitu.

"Rehema usimhofie," aliendelea. "Yeye kinga yake ni ya ugonjwa wenyewe, haifutiki. Ni hao kumi na wanne ambao sijawapiga mstari. Ya sindano hawana, ya ugonjwa hawana, na kadi zao zinasema wamekingwa. Surua imesikika upande wa Makete, mabasi yanakuja kila siku. Chukua kifuniko uende nacho kijijini, uwaambie wazazi wawapeleke. Mimi hawatanielewa. Wewe wakimwona mtoto wako, watakuamini."

Pembeni yake, juu ya kigoda, alikuwa ameniwekea bisibisi.

Nilisimama pale nikaona jinsi ninavyotumwa tena. Mara ya kwanza alitumia mikono yangu akaniambia ni maziwa. Sasa alitaka jicho la mwanangu limsemee, nyumba kwa nyumba, yeye akiwa amekaa barazani. Nilifikiri kurudisha kifuniko mahali pake na kwenda zangu. Lakini yale majina kumi na manne nilikuwa nayajua. Wawili ni wajukuu wa yule babu wa pareto. Mmoja alikuwa akija karakana kuokota vibao vya kuchezea.

Nikachukua bisibisi. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, zikalia moja baada ya nyingine. Kifuniko kilipotoka, maranda yakamwagika miguuni, makavu bado, yananukia.

"Rehema haendi," nilimwambia. "Utakwenda wewe. Sasa hivi, na mimi nikiwa nimebeba hiki nyuma yako. Utawasomea mwenyewe."

"Nitasemaje?"

"Unajua kusema. Tumekusikia miaka yote."

Aliinuka akishika ukuta, akavuta sweta, akatafuta ufunguo mfukoni. Alipokuwa mlangoni akanigeukia, akasema lile neno la kuomba radhi alilokuwa akiwaambia akina mama barabarani, kwa Kibena kibovu kilekile. Mimi alikuwa hajawahi kuniambia.

Nilibeba kifuniko begani, maandishi yakiwa nje, nikasubiri afunge mlango.